Robo Fedha

Ndunge kazileta mbili, ndani ya kisanduku cha kiberiti,
ngazi zote za Mtaa wa Biashara kapanda bila kupumzika,
juu ya duka la sare za shule,
hadi mezani pangu penye taa moja na kitambaa cheusi.
Julai. Dirishani mwanga wa uji uliopoa.
Sidai mwingine: huu haubembelezi.

"Hii nimeisugua jana," anasema,
"kwa majivu, ndimu, na mswaki wa mtoto."
Inawaka kama sufuria ya harusi.
"Hiyo nyingine, stima ilipotea kabla sijaifikia.
Samahani ilivyo chafu."

Uso wa sarafu siugusi. Nashika ukingo,
gumba na shahada, kama mshika kipepeo.
Chini ya lenzi, ile iliyosuguliwa ni shamba lililolimwa na mlevi:
mistari, mistari, kila mmoja ukikimbilia kwake.
Mng'aro upo, ila hautembei.
Fedha iliyo hai ukiigeuza, mwanga huizunguka
kama spoku za baiskeli mteremkoni.
Hii inang'aa palepale,
kama mtu aliyeamriwa acheke mbele ya kamera.
Nasema tu, "Mm."

Ya pili.
Mwaka wa ishirini na nne. Simba mbele ya milima.
Rangi yake, ngoja niitaje sawasawa:
kijivu cha njiwa katikati, kisha chai ya rangi,
kisha, ukingoni kabisa, samawati
kama petroli juu ya dimbwi, kwenye gereji za barabara ya Kirinyaga.
Rangi ya kupikwa naijua. Wapo wanaochemsha mayai,
wakaifungia shilingi na viini usiku kucha,
asubuhi ikatoka zambarau ya leso mpya;
rangi hiyo hukanyaga maandishi bila adabu.
Hii imesita kando ya kila herufi,
kama maji yakutanapo na jiwe.
Nanusa kisanduku.
Miaka mingapi kiberiti kimeipaka, gizani,
bila kuwaka hata mara moja?

"Lakini simba ameisha," asema Ndunge.
"Manyoya ya shingo hayapo. Babu aliichezea mno mfukoni,
kule Muthurwa, nyumba za reli."

Hapa ndipo ninapolipwa.
Ubapa kila mtu anauona; swali ni nani kaufanya.
Nainamisha sarafu. Mwanga unapanda mguu, unavuka bega,
unapita juu ya shingo lile bapa
na haujikwai.
Vidole vingekuwa vimetangulia, ungefia hapo.

"Hakuisha," nasema. "Alizaliwa hivyo.
Siku ile mashine ilipiga kivivu,
labda chapa imechoka, labda ni saa ya chakula.
Babu yako hakuichezea. Aliificha."

Kimya.
Chini mtu anakokota shata la chuma.
"Sisi," asema Ndunge, "alituambia hana hata ndururu."

Naandika: mpigo hafifu, rangi asili, hamsini na tano.
"Kati ya mia?"
"Kati ya sabini."
"Nani aliamua sabini?"
Nafuta lenzi, ingawa ni safi.
Robo fedha, sehemu kubwa iliyobaki shaba,
na nusu saa nzima nimeihesabia pumzi.

Namtajia bei. Anaitaja yake. Tunakutana kati.
"Na hii yangu niliyoiharibu?"
Sikuwa nimetamka neno hilo. Alilisikia ndani ya ile "Mm."
"Kaa nayo," namwambia.
"Nitakaa nayo. Mikwaruzo ni yangu."

Kisanduku kakisahau, au kaniachia.
Nafungua dirisha, harufu itoke.
Sauti yake inapanda kutoka dukani:
sweta ya kijani, ya mtoto wa miaka tisa,
tazama hapa kwapani uzi umelegea,
na usiniambie ni wa kuvaliwa,
huu umetoka hivi kiwandani,
punguza.